Kabla ya Mguu, Mkono

Rundo likishamwagwa juu ya jamvi, halina dalili yoyote ya kuwa mpira. Kuna kanga mbili zilizopauka hadi maandishi yake hayasomeki, fulana iliyobaki na mkono mmoja, soksi nne ambazo hazifanani, kipande cha sponji kilichokatwa kwenye godoro kuukuu, tyubu ya baiskeli iliyojaa viraka, na bonge la uzi wa nailoni uliofumuliwa kutoka kwenye jarife lililochoka. Watoto wamevileta ndani ya pakacha. Wameamkia, "Shikamoo Babu," kisha wamekaa chini ya mwembe kusubiri. Mzee anaitikia marahaba bila kuinua macho. Ameshaanza kuchambua.

Huyu ni mvuvi wa Juani, kisiwa kilicho ng'ambo ya Chole katika visiwa vya Mafia. Magoti yalipogoma aliiacha bahari, lakini mikono haikukubali kustaafu. Asubuhi anashona nyavu za wenzake. Baada ya swala ya alasiri anatengeneza mipira ya chandimu kwa ajili ya watoto wa kijiji, wajukuu zake na wasio wajukuu zake, na wote wanamwita Babu. Ujanani alicheza winga ya kushoto, peku kama walivyocheza wengi wa rika lake. Nilikaa naye ili niutazame mpira mmoja ukitoka kwenye rundo hadi kwenye miguu, nikaona kazi yenye kanuni nyingi, na kila kanuni ina sababu yake.

Kuchambua ni kazi ya mkono na sikio. Anashika kitambaa kwa mikono miwili karibu na uso, anakivuta ghafla, anasikiliza. Pamba ambayo bado ina nguvu hutoa mlio mzito na kurudi mahali pake. Iliyooza kwa jua hulia kikavu, na ukiitazama mwangani utaona nyuzi zimeanza kuachana. Iliyooza inakwenda kando, itafaa kufutia mikono. Iliyo nzima anaigusa kwa ncha ya ulimi. Nilidhani ni mazoea tu ya uzee mpaka aliponieleza kwamba anatafuta chumvi. Kitambaa kilichofuliwa kwa maji ya bahari hakikauki kikakauka. Chumvi iliyobaki kwenye nyuzi huvuta unyevu wa hewani, na mpira uliotengenezwa kwa kitambaa hicho huwa mzito kila usiku unapoingia, kisha huanza kuoza kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki.

Kanga moja ilikuwa na chumvi. Akamtuma mtoto akaisuuze kwa maji ya kisima, mara mbili, akaianike kivulini na si juani. Kwa hiyo siku hiyo mpira haukuanza. Watoto waliguna, Babu akasema kitambaa hakijui kwamba nyie mna haraka, akarudi kwenye nyavu zake.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini asumbuke hivyo wakati maduka yanauza mipira ya kupuliza. Jibu liko chini ya miguu. Juani ni mwamba wa matumbawe uliofunikwa na udongo mwembamba, na mahali pengi mwamba huo unachomoza juu ukiwa na makali. Mawe hayohayo ndiyo yaliyojenga misikiti na nyumba za Kua, mji wa kale ulio upande wa magharibi wa kisiwa, ambao wavamizi wa Kisakalava kutoka Madagaska waliuangamiza mwanzoni mwa karne ya 19. Magofu yake bado yamesimama, jambo linaloonyesha ugumu wa jiwe hilo. Mpira wa ngozi ya plastiki ukiangukia kwenye ncha ya matumbawe unapumua mara moja na mchezo unaisha. Mpira wa Babu hauna pumzi ya kupoteza. Ukichomwa, unachanika uzi mmoja, na uzi mmoja unashonwa.

Kuna aina nyingine ya chandimu ambayo anaijua lakini haitaki. Kwa miaka mingi watoto wa mijini na vijijini walikunja mifuko ya plastiki, wakaibana kwa kamba, wakacheza. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Tanzania kuanzia tarehe 1 Juni 2019, na mipira ya namna hiyo ikaanza kupungua. Babu hakuisikitikia. Plastiki inateleza juu ya plastiki, anasema. Tabaka ya ndani inakwenda huku, ya nje inakwenda kule, na mchezaji anapopiga, mpira unasitasita kabla ya kuamua. Kitambaa hushikana na kitambaa, na kadiri kinavyopigwa ndivyo kinavyozidi kushikana.

Kanga ilipokauka, kazi ya kuchana ikaanza. Kisu chake ni kidogo, kimenolewa mara nyingi hadi ubapa umebaki mwembamba, na anakitumia kwa tendo moja tu: kukata upindo. Baada ya hapo anaweka kisu chini na kuchana kwa vidole. Kitambaa kikichanwa hufuata uzi wake chenyewe, kwa hiyo ukanda unatoka na upana uleule kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kisu hukata popote mkono ulipokosea. Upana anaoutaka ni vidole viwili. Ukanda mpana zaidi hujikunja unapozungushwa na kuacha mifereji. Mwembamba zaidi hukatika unapokazwa. Anazipanga kanda kwenye jamvi kwa makundi. Za pamba, ambazo ni laini na zinakubali kubanwa, zitakaa ndani. Za fulana, ambazo zinavutika, zitakaa juu yake ili zizikaze.

Kiini huja kabla ya kanda zote. Anakata sponji kwa kisu hadi iwe na ukubwa wa ndimu, kisha anachukua tyubu ya baiskeli, anaipasua kwa urefu na kuikata kanda nyembamba sana. Kanda hizi anazizungusha juu ya sponji huku akizivuta. Hapa ndipo niliona kidole gumba chake kikifanya kazi ambayo kidole kingine hakiwezi: kinatangulia mbele ya ukanda, kinaminya sponji mahali ambapo ukanda unakaribia kupita, kinaondoka kwa wakati uleule ukanda unapofika. Ukivuta kupita kiasi, sponji inakufa na kiini kinakuwa jiwe. Usipovuta vya kutosha, kiini kinacheza ndani ya mpira na hakuna tabaka ya juu itakayoweza kukituliza. Anapomaliza anakidondosha kwenye sakafu. Kinadunda mpaka magotini pa mtoto aliyekaa karibu. Mtoto anafurahi. Babu hafurahi. Anafungua ukanda wa mwisho, anaulegeza kidogo, anafunga tena. Mpira unaodunda sana kwenye uwanja wa mawe, anasema, hauchezeki, unafukuzwa tu.

Kisha inaanza kazi ndefu ya kuzungusha. Ukitazama kwa mbali utaona mtu anakunja matambara. Ukisogea utaona mpango. Ukanda wa kwanza unazunguka mara tatu mahali pamoja, kisha kiini kinageuzwa robo, unazunguka tena mara tatu, kinageuzwa robo nyingine. Mkono wa kulia unavuta na mkono wa kushoto unageuza, na nguvu ya kuvuta haibadiliki hata anapozungumza na mpita njia. Ukanda ukiisha, hafungi fundo. Ncha yake anaibana chini ya ukanda unaofuata, na ukanda huo unaikalia. Nilimuuliza sababu. Fundo moja la ndani linakua, akasema. Tabaka ya juu yake italibeba, na ya juu yake italiinua zaidi, na mwisho wa kazi utakuwa na nundu ambayo huwezi kuiondoa bila kufumua kila kitu. Kwa hiyo tangu kiini hadi tabaka ya mwisho ya kitambaa hakuna fundo hata moja. Kila ukanda umeshikwa na mwenzake.

Kila baada ya kanda chache anafumba macho na kuuzungusha mpira kwenye viganja. Macho yanadanganywa na rangi, anasema. Penye kanga nyekundu huonekana pamejaa kuliko penye kitambaa cheupe. Ngozi ya mkono haina rangi. Akipata bonde anaweka ukanda mfupi hapo na kupitisha ukanda mrefu juu yake. Akipata kilima hakipigi wala hakikandamizi. Anaacha kupita hapo kwa mizunguko kadhaa mpaka pengine pote pamekifikia. Hili lilinichukua muda kulielewa: kasoro ya mpira huu hairekebishwi kwa kupunguza mahali palipozidi. Hurekebishwa kwa kungoja, na kuongeza kwingine.

Mpira unapojaza viganja viwili, anauweka kwenye kipimo. Kipimo chake ni ubao mmoja wa mashua ya zamani uliopigwa randa ukalainika, anaouweka juu ya mawe mawili ili uwe sawa. Anauachia mpira taratibu katikati ya ubao na kuondoa mkono. Mpira ulio sawa unakaa popote unapoachiwa. Huu ukayumba, ukageuka, ukatulia. Sehemu nzito imekwenda chini. Anachukua kipande cha mkaa na kuweka alama juu, upande mwepesi. Anaugeuza, anauachia tena. Alama inarudi juu. Anarudia tena na tena kabla ya kuamini, kwa sababu mara moja inaweza kuwa upepo na mara ya pili inaweza kuwa ubao. Alipoamini, akaongeza ukanda mmoja wa pamba chini ya alama, akazungusha tabaka nzima juu yake, akarudi kwenye ubao.

Viwandani mviringo huu hupatikana kwa hesabu. Mpira wa Kombe la Dunia la Mexico mwaka 1970, ule wa mabaka meusi na meupe uliozoeleka duniani kote, ulishonwa kwa vipande 32: pembe tano 12 na pembe sita 20, vilivyokatwa kwa kalibu. Sheria za mchezo zinataka mpira uwe na mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450 mchezo unapoanza. Maneno hayo ya mwisho yana historia yake. Mpira wa ngozi wa miaka ya 1950 ulikuwa ukinywa maji, na kipindi cha pili cha mechi ya mvua wachezaji walipiga kitu kingine kabisa, kizito, chenye kamba za kufungia mdomo ambazo zilimuumiza aliyepiga kichwa. Babu hana mizani wala kalibu, na mpira wake ni mdogo kuliko wa sheria. Lakini swali analouuliza ubao wake ndilo wanalouliza wenye viwanda: je, uzito umegawanyika sawa pande zote?

Ulipokubali kukaa, zikaja soksi. Ya kwanza anaivuta mpaka inabana, anausukuma mpira hadi kwenye vidole vya soksi, anausokota mdomo mara mbili, kisha anapindua sehemu iliyobaki kurudi juu ya mpira. Anasokota tena upande wa pili, anapindua tena. Soksi moja ndefu hutoa ngozi tatu. Soksi ya pili anaivalisha kwa kuanzia upande wa pili ili msokoto wa kwanza ufunikwe na sehemu nzima ya soksi, na ya tatu kwa kuanzia ubavuni. Ya nne anaiweka akiba. Mdomo wa mwisho ndio udhaifu wa mpira wote, na mipira mingi ya watoto hufia hapo. Yeye haufungi kwa kamba. Anaukata usawa, anaulaza, anaushona kwa sindano na uzi kwa mishono midogo inayozunguka, mpaka kidole kikipita hapo hakishtuki.

Soksi iliyojazwa ina wanafunzi wake wakubwa. Eusébio da Silva Ferreira alizaliwa mwaka 1942 huko Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, kusini zaidi katika pwani hii hii ya Bahari ya Hindi. Katika mtaa wa Mafalala alicheza peku na wenzake kwa mipira ya soksi iliyojazwa magazeti na matambara. Alipitia Sporting ya Lourenço Marques, akatua Benfica ya Lisbon mwishoni mwa mwaka 1960. Mwaka 1962 alifunga mabao mawili katika fainali ya Kombe la Ulaya, Benfica ilipoifunga Real Madrid 5–3. Mwaka 1965 alichaguliwa mchezaji bora wa Ulaya. Katika Kombe la Dunia la 1966 kule Uingereza, Ureno ilipokuwa nyuma 3–0 dhidi ya Korea Kaskazini, alifunga manne peke yake na mechi ikaisha 5–3. Alimaliza mashindano akiwa na mabao tisa, kuliko mchezaji mwingine yeyote.

Babu anamjua Eusébio kwa jina na kwa shuti lake, na ana maelezo yake kuhusu shuti hilo. Mpira wa matambara hauna hewa ya kukusaidia. Ukiupiga kwa kidole unaumiza kidole na wenyewe unakwenda hatua tano. Ukiupiga ubavuni unazunguka tu palepale. Ili uende mbali ni lazima ukutane nao katikati kabisa, kwa mgongo wa mguu, kifundo kikiwa kimekazwa na mwili ukiwa juu yake. Hakuna njia nyingine. Mtoto aliyepiga hivyo kila jioni kwa miaka kumi, siku atakayopewa mpira wenye hewa hatakuwa na haja ya kubadilisha kitu. Siwezi kuthibitisha kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa Mafalala, lakini maelezo haya yametoka kwa mtu aliyetengeneza kifaa cha mafunzo hayo kwa mikono yake, na mimi nayaheshimu.

Sasa umebaki wavu. Uzi wa nailoni kutoka kwenye jarife umeshapitishwa kwenye mshumaa ili usiteleze ovyo, na umezungushwa kwenye sindano ileile ya kushonea nyavu. Hapa mafundo yanaruhusiwa, kwa sababu yatakaa juu na yana kazi ya kufanya. Anaanza na pete ndogo juu ya mdomo ulioshonwa. Kutoka kwenye pete hiyo macho ya wavu yanateremka safu kwa safu, na kila safu ina macho mengi kidogo kuliko iliyotangulia, hadi katikati ya mpira. Baada ya hapo macho yanaanza kupungua, kwa kipimo kilekile, mpaka yanakutana kwenye pete ya pili upande wa chini. Fundo ni lile la wavuvi, ambalo kadiri linavyovutwa ndivyo linavyojibana. Kipimo cha jicho ni kidole chake cha shahada. Hatazami, anakipitisha tu. Safu ikikamilika anaukamata mpira kati ya magoti, anavuta uzi kwa mikono yote miwili, na unasikia kitambaa kikilia kidogo kwa kubanwa. Ncha zinazobaki anazikata na kuziunguza kwa kiberiti. Nailoni inayeyuka, anaibonyeza kwa ubapa wa kisu kabla haijaganda, na hakuna kinachochoma mguu.

Kazi ya wavu ilichukua jioni mbili. Watoto walikuwa wameacha kuuliza. Mmoja wao, msichana wa miaka kama kumi na mmoja, alikuwa amehama kutoka chini ya mwembe na kukaa ubavuni kwa Babu, na bila kuambiwa alianza kushika bonge la uzi ili lisijifunge.

Jaribio la mwisho hufanywa na Babu mwenyewe, akiwa ameketi. Anauachia mpira juu ya mguu wake wa kushoto na kuupiga danadana, chini chini, labda shibiri moja tu kutoka mguuni. Magoti yake hayamruhusu zaidi. Mpira unapanda, unashuka, unapanda bila kuyumba. Anaunyamazisha kwa kuuweka chini ya unyayo, anauvuta nyuma, anausogeza kwa upande wa ndani, anaurudisha kwa upande wa nje. Mpira hautoki nje ya kivuli cha mguu wake. Hautoki kwa sababu mguu unaujua, na pia kwa sababu haukuumbwa kukimbia. Usipoufuata hauendi. Usipougusa tena hausogei. Anayetaka kumpita beki na mpira huu ni lazima aende nao, mguso kwa mguso, kwa hatua fupi, huku kiwiliwili kikidanganya upande ambao mguu hauendi.

Hapo nikamkumbuka Joe Kadenge, na Babu akalitaja jina hilo kabla yangu, kwa namna ambayo Afrika Mashariki nzima ilizoea kulitaja: Kadenge na mpira. Kadenge alizaliwa mwaka 1935 magharibi mwa Kenya. Alichezea Maragoli United, kisha Abaluhya, klabu iliyoundwa mwaka 1964 na ambayo leo inaitwa AFC Leopards, na alikuwa mshambuliaji wa timu ya taifa ya Kenya katika zama za Kombe la Gossage. Kombe hilo lilianza mwaka 1926 kati ya Kenya na Uganda, kisha Tanganyika na Zanzibar zikajiunga. Wengi waliompenda hawakumwona hata siku moja. Walimsikia redioni, kwa sauti ya Leonard Mambo Mbotela wa Sauti ya Kenya, mtangazaji ambaye alilazimika kusema Kadenge na mpira, Kadenge na mpira, kwa sababu hakuna jambo jingine lililokuwa likitokea uwanjani: mtu alikuwa na mpira, na hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

Fikiri ni kazi gani inayofichwa na maneno hayo matatu. Ili mtangazaji apate nafasi ya kuyarudia, mchezaji anapaswa kuugusa mpira mara nyingi, kila mguso uuache palepale mguu wa pili unapokuja. Mguso mmoja mrefu unatosha kumleta beki na kuikatiza sentensi. Kadenge alifanya kazi hiyo hadi umri ukamtoa, akawa kocha, na mwaka 2002 alipewa timu ya taifa ya Kenya aifundishe. Utajiri haukumfuata. Kwa miaka mingi aliendesha teksi jijini Nairobi, na abiria waliomtambua walishuka wakiwa na hadithi ya kusimulia. Alifariki tarehe 7 Julai 2019. Waliomwandikia rambirambi walizungumza kuhusu miguu yake, na ilikuwa haki. Lakini kizazi chake chote, kutoka vijiji vya Maragoli hadi mitaa ya Mombasa na Dar es Salaam, kilikua wakati ambapo mpira wa ngozi ulikuwa mali ya shule, misheni au klabu, na mtoto wa kawaida alicheza kwa kitu kilichofungwa kwa mkono na mtu wa karibu. Mtu huyo hakuandikwa popote. Yeye ndiye aliyeamua, alipokuwa akivuta au kulegeza ukanda, mguu wa mtoto utajifunza nini.

Babu haoni ajabu katika jambo hilo. Kwake ni mgawanyo wa kazi. Aliukabidhi mpira kwa yule msichana, naye akaushika kwa mikono miwili, akafumba macho, akauzungusha. Babu akamtazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kisha wote wakakimbia.

Wanachezea kwenye kipande tambarare karibu na ufuko, na maji yakiwa yamekupwa sana siku za bamvua wanateremka kwenye mchanga mgumu ambako uwanja unakuwa mpana kadiri bahari inavyotaka. Goli ni mawe mawili kila upande, hatua tatu kati yake, na hakuna kipa. Katika goli dogo hivyo shuti la mbali halina maana sana, unaingia nao. Nilitazama mpira ukipigwa, ukaangukia kwenye matumbawe, ukarudi ukiwa na vumbi jeupe na bila jeraha. Ulipita kwenye dimbwi ukatoka na maji kidogo, maana nailoni na soksi ziliyazuia mengi yasifike kwenye pamba. Ulipoachwa mahali palipo sawa, ulikaa.

Mpira huo hudumu miezi kadhaa ukichezewa kila siku, kisha unarudi kwa aliyeufunga. Wavu huchakaa kwanza, hasa kwenye mkanda wa katikati ambao unasuguliwa zaidi. Babu anaukata na kuufunga upya. Soksi zikitoboka anazivua na kuvalisha nyingine. Kama umeanza kunuka anafumua kanda moja moja, akinusa, mpaka anapofika kwenye kitambaa kizima, na anaanza upya kutoka hapo. Kiini alichokitengeneza vizuri kinaweza kuvaa ngozi tatu au nne. Mtoto mmoja alimuuliza kwa nini wasichangishane wakanunue wa dukani mjini Kilindoni. "Nunueni," akasema, "lakini ukipasuka, mje na aliyewauzia auzibe."

Hapokei pesa. Ada yake anaitangaza kabla ya kazi kuanza, na haipunguzwi: anayepewa mpira huu atachana kanda za mpira ujao, zote, kwa upana wa vidole viwili, bila kutumia kisu zaidi ya kukata upindo. Wengi hulipa ada hiyo kwa kunung'unika, na kanda zao nyingi hazifai. Msichana yule alileta zake siku ya tatu, zimekunjwa kwa makundi, za pamba kando na za fulana kando. Babu alizipitisha mkononi moja baada ya nyingine, akarudisha mbili, akaziweka nyingine zote juu ya jamvi, kisha akamsogezea sponji na kisu.